Chachu Kwanza, Asali Baadaye

Leo mazungumzo yetu yanaingia jikoni, tena kwenye ile pembe ambako ndoo imefunikwa kitambaa na watoto wamekatazwa kuisogelea. Tunazungumzia pombe ya asali: muratina kwa walio Murang'a, Nyeri na Kiambu, wanzuki kwa ndugu zetu wa Tanzania, tej kwa majirani zetu wa Ethiopia. Najua wapo wasikilizaji wasiotia kileo kinywani, kwa dini au kwa hiari yao. Nao wakae tu, kwa maana kiumbe tutakayemzungumzia ndiye anayeumua mkate wao wa asubuhi.

Kiumbe huyo ni chachu. Na neno langu la leo ni moja: nyuki wakishamaliza kazi yao ya asali, mtengenezaji wa pombe hana cha kuongeza hapo. Kazi iliyobaki ni ya kufuga. Kama vile mwenye mizinga anavyoitwa mfugaji wa nyuki, mwenye ndoo naye ni mfugaji wa chachu. Mifugo yake ikishiba, pombe inajitengeneza. Mifugo ikikonda, hata asali ya bei ghali kuliko zote haitamwokoa.

Yasikilize malalamiko ya watu wanaojaribu kazi hii nyumbani. Mmoja atakwambia, "Asali yangu imegoma, wiki nzima haijatoa hata povu." Mwingine atasema, "Imenuka mayai viza." Wa tatu ataeleza kwamba ilichacha vizuri, lakini ni kali mno, inachoma koo, na ladha ya asali haionekani. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni muuza asali: bila shaka ameichanganya na sukari! Na kweli, wapo wauzaji wanaostahili lawama hiyo. Lakini mara nyingi asali ni safi kabisa. Chachu ndiyo iliyotupwa mle ndani ikiwa dhaifu, ikiwa chache, na bila chakula.

Tuifahamu kwanza. Chachu ni jamii ya kuvu, kiumbe wa seli moja tu, asiyeonekana bila hadubini. Huzaana kwa kuchipuza: seli mama hutoa kinundu ubavuni, kinundu kikakua, kikajitenga, na mama akabaki na kovu. Jina lake la kitaalamu ni Saccharomyces cerevisiae, na jina hilo ni la hamira ya dukani, la chachu ya mvinyo na la chachu ya bia nyingi. Tofauti yao ni ya koo tu, kama ng'ombe wa maziwa na ng'ombe wa nyama.

Kwa maelfu ya miaka watu walitengeneza pombe bila kujua kwamba wanafuga kiumbe hai. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1850 na 1860, kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Kisha mwaka 1883, Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akaweza kutenga seli moja ya chachu na kuikuza hatua kwa hatua hadi ikatosha mapipa ya kiwanda. Hapo, msikilizaji, ndipo somo letu lilipo. Kiwanda kikubwa chenye matangi marefu kama ghorofa huanza na chupa ndogo. Chachu hukuzwa katika chupa, ikahamia kwenye chombo kikubwa kidogo, kisha kikubwa zaidi, na tangi ndilo la mwisho. Sisi nyumbani tunaanza na ndoo nzima, halafu tunashangaa.

Sasa tuitazame asali. Asali iliyoiva vizuri ina maji kama asilimia 17 au 18, na sukari karibu asilimia 80. Ndiyo maana haiozi. Kijidudu kikitua humo, sukari inakifyonza maji ya mwili wake hadi kinazimia. Nyuki wanalijua hilo kwa silika: hupepea asali kwa mabawa ndani ya mzinga hadi maji yapungue, ndipo wanaiziba kwa nta. Mrina asali mwenye pupa akikata masega ambayo hayajazibwa, anapata asali yenye maji ya ziada, na ikipita asilimia 20 hivi huanza kuchacha yenyewe dukani. Unafungua kifuniko, kinatoa mlio wa soda. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ina maji mengi zaidi kwa asili yake, kwa hiyo nayo huchacha upesi.

Ukiongeza maji kwenye asali, umeipunguza makali, na chachu sasa inaweza kuishi humo. Kuishi, ndiyo, kunawiri ni jambo jingine. Chachu haili sukari peke yake. Sukari inaipa nguvu, lakini ili ijenge mwili na kuzaa inahitaji naitrojeni, madini na vitamini. Nafaka zinavyo vyote hivyo. Busaa ya mahindi na wimbi haina shida hiyo. Mbege ya Uchagani, yenye ndizi na kimea cha ulezi, haina shida hiyo. Hata maji ya zabibu yana akiba ya kutosha mara nyingi. Asali ina naitrojeni kidogo sana, na ukishaichanganya na maji mara tatu au nne, hata hicho kidogo kinapotea.

Kuna na jambo la asidi. Asali yenyewe ina asidi, na haina madini ya kutosha kuizuia isizidi. Chachu ikianza kazi inatoa asidi nyingine, na siku mbili tatu za kwanza ukali unaweza kupanda hadi chachu yenyewe ikalemewa. Kwa hiyo mtu anayetia kijiko cha hamira kavu ndani ya ndoo ya maji ya asali mazito ameitupa chachu penye sukari inayofyonza maji, chakula haba na asidi inayopanda. Ikigoma, ina haki ya kugoma.

Hapa nataka tuwarudie wazee wetu, kwa sababu walilitatua tatizo hili kabla ya Pasteur hajazaliwa. Chukua muratina. Huchachushwa kwa tunda la mti ule wenye matunda marefu yanayoning'inia kwenye vikonyo kama kamba, ambao kwa Kiswahili unaitwa mwegea au mvungunya, na wataalamu wa mimea wanauita Kigelia africana. Tunda lake halifai kuliwa bichi. Hukatwa vipande viwili, likachemshwa, maji yale yakamwagwa, kisha likaanikwa juani. Ukilishika likiwa limekauka ni jepesi ajabu kwa ukubwa wake, na ndani ni nyuzi tupu, zimesukana, zenye vitundu visivyohesabika. Kisha linatiwa kwenye kiasi kidogo tu cha maji ya miwa au ya asali, na kuwekwa mahali penye joto, karibu na meko, kwa siku moja. Yale maji yanaondolewa. Tunda linaanikwa tena. Ni baada ya hapo ndipo linapoingia kwenye pombe yenyewe.

Tazama hatua hizo kwa jicho la mfugaji. Kule kuchemsha kunaondoa uchungu, na kunaua vijidudu vilivyolifuata tunda kutoka porini. Siku moja kwenye maji kidogo yenye joto ni malezi: chachu inapata sukari isiyo nzito, inazaana, inajaa kwenye zile nyuzi. Kuanika ni kuilaza usingizi, kwa maana chachu ikikauka taratibu haifi yote, inangoja maji. Na lile tunda likishatumika halitupwi. Linaoshwa, linaanikwa, linatunzwa kwa pombe ijayo, na linavyotumika ndivyo linavyozidi kuaminika. Mzee aliyekuwa na tunda zuri alikuwa na ukoo mzuri wa chachu, akiuhifadhi bila jokofu na bila maabara.

Ethiopia nao wana njia yao. Tej hutiwa gesho, mmea ambao wataalamu wanauita Rhamnus prinoides. Majani na vijiti vyake huleta uchungu unaokata utamu wa asali, na pamoja na asali yenyewe na vyombo vilivyokwisha kutumika, husaidia kuleta chachu ndani ya mtungi. Chombo kinachooshwa kwa maji tu, bila sabuni, kinabaki na wakazi wake kwenye nyufa.

Wazee pia hawakutumia asali kama ya dukani leo. Waliikamua au kuiloweka pamoja na masega, na ndani ya masega mlikuwa na chavua, na mara nyingi mlikuwa na watoto wa nyuki. Ukimweleza kijana wa mjini hivyo atakunja uso. Lakini chavua na watoto wa nyuki ni protini, na protini ni naitrojeni. Chachu ya mzee ilikula ikashiba. Asali tunayonunua sasa imechujwa hadi inang'aa, na muuzaji anaisifu kwa kung'aa huko. Kwa chai na kwa mkate ni sawa. Kwa chachu, kilichobaki kwenye chujio ndicho kilichokuwa chakula.

Hapo ndipo tulipopotea njia. Tumeichuja asali, tumeliacha tunda, na mahali pake tumeweka haraka. Pombe inayotakiwa Ijumaa inaanzishwa Jumatano, inajazwa sukari ya mezani na hamira ya kiganjani, inawekwa juani ili ikimbie. Itachacha, sikatai, lakini chachu iliyofanya kazi katika joto kali na njaa huacha nyuma yake vileo vizito vinavyochoma koo. Huo ukali ambao baadhi ya watu wanausifu kuwa ndio "nguvu" ni mateso ya chachu tu.

Basi tufanyeje? Kama unalo tunda lililotunzwa vizuri, na unamjua mzee wa kukuonyesha, mfuate huyo. Wengi wetu tutatumia chachu ya pakiti, kwa hiyo nitaeleza hiyo.

Anza na pakiti yenyewe. Soma tarehe. Chachu kavu ni hai, na inazeeka. Pakiti iliyokaa kwenye kabati karibu na jiko kwa mwaka mzima imepoteza sehemu kubwa ya seli zake. Itunze kwenye jokofu, na ukishaifungua ifunge vizuri. Ukipata chachu ya mvinyo, vyema. Usipoipata, hamira ya mkate inaweza kazi, ila inachoka mapema kuliko ya mvinyo kileo kinapopanda, kwa hiyo usiipe maji ya asali mazito.

Hatua ya pili ni kuiamsha. Wengi huiruka, na ndiyo inayogharimu zaidi. Seli iliyokauka imejikunja, na ngozi yake ina mianya. Katika dakika za kwanza za kurudi kwenye maji haiwezi kuchagua kinachoingia mwilini mwake. Ukiitupa moja kwa moja kwenye maji mazito ya asali, kile kinachoingia kinaweza kuiua. Kwa hiyo iamshe kwenye maji matupu, yaliyochemshwa na kupoa hadi nyuzijoto 35 hivi, na isizidi 40. Ukitia kidole, uone uvuguvugu wa maji ya kumwoshea mtoto mchanga. Gramu 5 za chachu zinataka maji kama mililita 50, yaani theluthi au robo ya kikombe cha chai. Nyunyiza chachu juu, iache.

Sasa inama uangalie. Punje zinaelea kwanza, kisha moja moja zinalowa na kuzama. Baada ya dakika chache, kutoka chini kunapanda wingu rangi ya maziwa, linapanda na kujikunja, linatawanyika juu. Harufu ya mkate inatoka. Dakika 15 au 20 zikipita, koroga taratibu: umepata uji laini usio na madonge. Kama punje zimelala tu chini, maji ni maangavu na hakuna harufu, chachu hiyo imekwisha. Afadhali ulijue hilo kwenye kikombe cha chai kuliko kwenye ndoo yenye kilo tano za asali.

Hatua ya tatu ni kuilea. Yeyusha gramu 100 za asali katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Hayo ni maji mepesi, matamu kama chai ya kawaida, na wepesi huo ndio unaotakiwa, kwa sababu hapa tunataka chachu izaane, hatuhitaji kileo. Tia na chakula, nitakieleza sasa hivi. Mimina chachu iliyoamka kwenye chupa kubwa yenye hayo maji, usiijaze, funika mdomo kwa kitambaa safi, na kila unapopita karibu itikise. Kutikisa kunaingiza hewa. Chachu inaweza kutengeneza kileo bila oksijeni, lakini ili ijenge ngozi madhubuti inahitaji oksijeni mwanzoni. Seli iliyokosa hewa katika malezi ndiyo inayozimia baadaye kileo kikipanda. Kwa saa 12 hadi 24 utaona povu, na maji yatakuwa na ukungu kama maji ya mchele. Hiyo ndiyo mbegu yako. Itumie ikiwa bado na nguvu, usingoje ilale.

Nikwambie ukweli: chachu kavu iliyo mpya, ukiiamsha vizuri na kiasi chake kikitosha, inaweza kuingia ndooni bila malezi hayo ya siku moja. Mbegu inahitajika zaidi kama chachu ni ya zamani kidogo, kama ni ya majimaji, kama umeitoa kwenye mashapo ya pombe iliyopita, au kama maji yako ya asali ni mazito. Lakini kwa anayeanza, mbegu ina faida nyingine: inakuonyesha kwa macho kwamba mifugo yako ni mizima kabla hujaikabidhi asali.

Kuhusu chakula sasa. Yapo madukani kwa watengenezaji wa mvinyo mavumbi maalumu ya virutubisho, na ukiyapata fuata maelezo ya pakiti. Usipoyapata, chukua kijiko cha chai cha hamira, kichemshe katika nusu kikombe cha maji kwa dakika 10 hadi hamira yote ife, ipoe, umimine. Chachu hai itaila chachu mfu, na ndani yake itapata karibu kila kinachohitajika kujenga mwili. Kijiko hicho kinasaidia lita kama nne. Chavua ya nyuki nayo ni nzuri, kwa anayeipata kwa mfugaji. Zabibu kavu zinazotajwa sana zina ladha nzuri, ila chakula chake ni haba mno, usizitegemee.

Chakula kisitolewe chote siku moja. Gawa mafungu manne: la kwanza saa 24 baada ya kutia chachu, la pili saa 48, la tatu saa 72, na la mwisho sukari ikishapungua kama theluthi, au siku ya saba, lolote litakalotangulia. Chachu ikilishwa yote mara moja inakimbia, inachemka, inapandisha joto, kisha inaishiwa katikati ya safari. Na tahadhari: kabla ya kutia fungu lolote, koroga kwanza, polepole, hewa ya kaboni itoke. Ukimwaga mavumbi kwenye ndoo iliyojaa hewa hiyo, povu litapanda kwa kasi na kumwagika ukutani na sakafuni, na utaosha jiko usiku kucha.

Kwa ndoo yenyewe, kilo moja ya asali kwa lita tatu za maji inatosha sana. Hesabu yake ni hii: kilo moja ya asali ina sukari kama gramu 800, na mchanganyiko wote unakaribia lita 3.7. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa takriban asilimia moja ya kileo, kwa hiyo hapo unaelekea asilimia 12 na kidogo. Hiyo ni nguvu ya mvinyo. Anayeanza aongeze lita moja ya maji, na chachu yake itapumua. Kama maji ya bomba yana harufu ya klorini, yachemshe au yaache wazi usiku mzima. Siku mbili za kwanza koroga kwa nguvu mara mbili kwa siku ili hewa iingie. Baada ya siku ya tatu funga, na hewa ya nje isiingie tena, kwa maana kuanzia hapo oksijeni inakaribisha siki. Kifuniko kiwe na mpira mwembamba unaoishia kwenye chupa ya maji, hewa itoke na isirudi.

Joto ni nusu ya afya ya chachu. Chachu nyingi za mvinyo zinapenda kati ya nyuzijoto 18 na 24. Walio Limuru, Njombe au Nairobi wana bahati. Chumba chenye kivuli kinatosha. Walio Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wana kazi. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ifunike kwa taulo iliyolowa ambayo ncha zake zimo majini, na ukiweza iwekee chupa za barafu asubuhi na jioni. Ukishindwa kuipoza, afadhali ungoje miezi ya baridi kuliko kuichemsha chachu.

Sasa dalili za ugonjwa. Harufu ya mayai viza ni njaa ya naitrojeni mara nyingi. Kama ni siku za mwanzo, koroga na ulishe. Ikiwa kileo kimeshapanda, usitie tena virutubisho vya chumvi za amonia, kwa sababu chachu haiwezi kuvitumia vizuri wakati huo na vitabaki kwenye pombe. Harufu ya siki ni hewa au uchafu, na hiyo haina dawa; itumie kwenye kachumbari.

Pombe ikigoma katikati, bado tamu na haina povu, usifanye kosa la kumwaga pakiti nyingine juu yake. Chachu kavu ikiingia kwenye kileo cha asilimia nane huenda ikafa kabla haijaamka. Tengeneza mbegu mpya, lita nzima, kama nilivyoeleza. Ikichangamka, iongezee kikombe cha ile pombe iliyogoma. Ngoja saa chache ichangamke tena. Ongeza vikombe viwili. Ngoja. Ongeza vinne. Hivyo chachu inazoea kileo taratibu, na mwishowe ni pombe inayoingia kwenye mbegu, si mbegu inayoingia kwenye pombe. Kazi hiyo inakula siku nzima au mbili, na mara nyingi inafaulu.

Ikimalizika, chini ya ndoo utakuta mashapo mazito rangi ya krimu. Hiyo ni chachu, na mtu anaweza kuitunza kwenye chupa safi jokofuni kwa wiki mbili tatu. Lakini chagua. Mashapo ya pombe nyepesi, iliyochacha bila matatizo, yanafaa. Mashapo ya pombe kali ya asilimia 14 ni ya seli zilizochoka, zenye makovu mengi. Ukiziendeleza unaendeleza uchovu. Na yoyote utakayoitunza, ipitishe tena kwenye mbegu ya asali nyepesi kabla ya kuikabidhi ndoo.

Kabla sijaaga, mambo matatu kwa usalama. Usifunge pombe kwenye chupa za kioo ikiwa bado inachacha: hewa ikijaa, chupa inapasuka, na vioo haviulizi nani alikosea. Ngoja wiki tatu hadi sita, hadi imetulia na imetakata. Pili, usiitoneshe kwa mvuke na usiongeze kitu usichokijua ili kuipa makali. Tumezika watu wengi kwa tamaa hiyo. Tatu, sheria. Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inamtaka anayetengeneza na kuuza awe na leseni, na hairuhusu kuwauzia walio chini ya miaka 18. Popote ulipo, uliza ofisi ya serikali iliyo karibu nawe kabla ya kuanza.

Msikilizaji, ukienda sokoni wikendi hii, usianze kwa kuulizia asali. Nunua pakiti mpya ya chachu, iamshe kwenye kikombe, ilee siku moja, uione ikitoa povu. Ikishakuridhisha, hapo ndipo utafute asali ya ndoo nzima, na utafute ya mfugaji anayengoja masega yazibwe. Ukifuata mpangilio huo hutamlaumu muuza asali tena.